Dakika za simu zinahesabiwa, saa za usiku hazihesabiwi

Katika biro nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia kuna karatasi iliyobandikwa ukutani: ni marufuku kutumia simu wakati wa kazi. Kwingine kuna sanduku mlangoni, kila mtu anaweka simu yake anapoingia asubuhi. Kwingine neno la siri la intaneti linajulikana na mkubwa wa kazi na mhasibu peke yao. Mfanyakazi anayekutwa anasoma WhatsApp anaandikiwa barua ya kuomba maelezo. Barua zikifika tatu, ajiandae kurudi nyumbani.

Jioni ikifika, karatasi hiyo ya ukutani inasahauliwa. Saa mbili usiku grupu ya WhatsApp ya kazi inaanza kulia. Mkubwa anatuma vokali ya dakika nne: ripoti iko wapi, orodha irekebishwe, kesho wageni wanafika saa moja asubuhi. Mfanyakazi anajibu kwa simu yake mwenyewe, kwa mega alizonunua kwa pesa zake, watoto wakiwa wamelala kando yake. Asipojibu, kesho ataulizwa kwa nini alinyamaza. Hakuna anayemwandikia mkubwa barua ya kuomba maelezo.

Hapo ndipo penye dhuluma. Muda wa mfanyakazi unapimwa kwa mizani miwili. Dakika 10 alizotumia kuzungumza na mama yake mchana zinaitwa wizi. Saa 2 alizotumika usiku bila malipo zinaitwa kujitoa. Kama simu ni shida kazini, basi ihesabiwe pande zote mbili, mchana na usiku, kwa mdogo na kwa mkubwa.

Simu ya Kivu ina kazi nyingine

Mtu anayeandika kanuni ya kukataza simu mara nyingi anawaza mambo ya miji yenye amani: kijana anayeangalia picha za wasanii, msichana anayechati na mchumba. Hayo yapo hapa pia, wala hakuna haja ya kuyaficha. Lakini katika Kivu na Ituri simu imebeba mizigo ambayo mahali pengine inabebwa na benki, na posta, na serikali.

Watu wa Goma wanakumbuka mwezi wa 5 mwaka 2021. Nyiragongo ililipuka usiku wa tarehe 22, na tarehe 27 asubuhi wakuu wa jimbo wakaamuru sehemu kubwa ya mji ihame. Watu walichukua njia ya Sake, wengine mpaka wa Rwanda, wengine mashua za kwenda Bukavu. Wazazi walitafutana na watoto wao kwa simu siku nyingi. Aliyekuwa na simu imezimwa siku ile aliteseka zaidi kuliko wenzake.

Tangu mwisho wa mwezi wa 1 mwaka 2025, vita vilipoingia Goma, benki za biashara zilifunga milango. Mshahara wa wengi ukaanza kupita kwenye simu, kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, na kila anayetoa pesa anakatwa asilimia fulani kibandani. Mfanyakazi anayefungua simu saa nne asubuhi huenda anaangalia kama mshahara umeingia, au anamtumia dada yake franga za dawa. Simu hiyo ndiyo benki yake, na benki haina saa ya mapumziko ya saa sita.

Mwezi uliofuata, kambi zilizozunguka mji, kama Bulengo na Lushagala, zilibomolewa. Familia zilizokaa humo miezi na miaka zikatawanyika: wengine Masisi, wengine Rutshuru, wengine katika nyumba za jamaa mjini, wengine hawakujua pa kwenda. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshahesabu zaidi ya watu milioni 7 waliohama makao yao ndani ya Kongo. Watu hao wana watoto, kaka na shangazi wanaotumika katika biro, maduka, hospitali na mashule ya miji. Kwa hiyo nyuma ya wafanyakazi wengi kuna jamaa aliye njiani.

Kuna jambo moja ambalo waandishi wa kanuni hawalijui au wanalisahau. Mama aliye kijijini hachagui saa ya kupiga simu. Anapanda kilima kutafuta mtandao. Simu yake ameichaji kwenye kibanda cha jirani mwenye sola, kwa franga alizokopa. Akipata mtandao saa tatu na nusu asubuhi, anapiga saa tatu na nusu. Kumwambia mtoto wake asubiri mapumziko ya mchana ni kumwambia asipokee kabisa, maana saa ya mapumziko ikifika mama ameshashuka kilima na simu imezimwa. Mfanyakazi aliyekatazwa kupokea simu hiyo atakaa kwenye meza yake mpaka jioni, mikono iko kwenye kazi, roho iko Masisi. Mkubwa wake anafikiri amepata saa nane za kazi, wakati kilichobaki pale ni kiti chenye mtu.

Uchovu usioonekana kwenye ripoti

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani liliandika uchovu wa kazi katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa. Halikuuita ugonjwa, liliuita hali inayotokana na kazi yenyewe, pale mkazo wa kazi unapodumu bila kushughulikiwa. Likataja alama tatu. Ya kwanza, mtu anaishiwa nguvu. Ya pili, anaichukia kazi yake au anakuwa baridi kwa watu anaowahudumia. Ya tatu, anaona hafanyi tena jambo la maana, hata akijitahidi.

Yeyote aliyepanga foleni katika kituo cha afya au kwenye ugawaji wa misaada anazijua alama hizo, hata kama hakuwahi kusikia jina lake. Muuguzi anayemfokea mama mwenye mtoto mgonjwa. Karani anayesema "rudi kesho" bila kuinua macho. Mwalimu anayeandika somo ubaoni na kukaa kimya. Watu wanasema wana roho mbaya. Wengine wanayo kweli. Lakini wengi walianza kazi wakiwa wapole, na waliokuwa wapole mwanzoni ndio waliopewa mzigo zaidi kwa sababu hawakujua kukataa.

Mzigo wenyewe umeongezeka. Mwanzoni mwa mwaka 2025 Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake ya nje, na mashirika mengi ya Kongo ya mashariki yakapunguza watu. Waliobaki walirithi kazi za waliotoka. Mtu mmoja akawa mhasibu, mtunza stoo na mwandishi wa ripoti. Katika vituo vya afya vya serikali wapo wauguzi wengi wasiopata mshahara wa serikali, wanaoishi kwa sehemu ya pesa zinazolipwa na wagonjwa, na wagonjwa wenyewe wamekimbia bila kitu. Redio za jamii nazo haziwezi kujitakasa: mwanahabari anaitwa usiku wa manane kufuata habari, mwisho wa mwezi anapewa nauli, na baadaye analaumiwa anapopokea bahasha ya waliomwalika kwenye mkutano wao.

Halafu kuna kazi ya pili, ile ya nyumbani. Wakimbizi wengi wa ndani hawakai kambini, wanakaa kwa jamaa. Kila familia inayopokea ina mtu mmoja anayeitwa "mwenye kazi". Mshahara uliokuwa wa watu 5 unalisha watu 12. Akirudi jioni anakuta wageni sebuleni, mtoto wa shangazi ana homa, maji hayakupatikana. Hapo ndipo vokali ya mkubwa inapoingia.

Mwili una mpaka. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitoa hesabu yao ya pamoja: mtu anayetumika saa 55 au zaidi kwa juma ana hatari ya kupata kiharusi iliyo kubwa kwa asilimia 35 kuliko anayetumika saa 35 mpaka 40, na hatari ya kufa kwa ugonjwa wa moyo iliyo kubwa kwa asilimia 17. Katika mwaka 2016 peke yake, vifo vilivyohusishwa na saa hizo ndefu vilikuwa 745,000 duniani. Wengi walikufa miaka mingi baada ya kuzitumika. Ndiyo maana mkubwa hawezi kusema "mbona hajaanguka?" Anaweza kuanguka akiwa ameshastaafu.

Na uchovu huo una uhusiano na simu. Mtu aliyechoka kupita kiasi ndiye anayepotea kwenye video. Anafungua moja, inakuja ya pili, inakuja ya kumi, naye hacheki wala hafurahi. Akili yake imekataa kusoma orodha ya majina 600 kwa mara ya nne, inatafuta mahali pa kujificha. Mkubwa anayeona video peke yake atanyang'anya simu. Baada ya hapo mfanyakazi huyo atakaa dakika 20 chooni, au atasimama dirishani. Simu imeondoka, uchovu umebaki palepale.

Lakini walio kwenye foleni nao wana haki

Haitoshi kumtetea mfanyakazi. Kuna mtu wa tatu katika jambo hili, na mara nyingi hatajwi: ni yule anayengoja kuhudumiwa.

Mama aliyehama makao anafika saa kumi na mbili asubuhi ili apate nafasi ya mbele. Amemwacha mtoto mdogo kwa jirani. Saa tatu foleni haijasogea, na kupitia dirishani anamwona karani akicheka na simu sikioni. Mama huyo hajui kama ni simu ya mama mgonjwa au ya rafiki. Anachojua ni kwamba jua limepanda na jina lake halijaitwa. Malalamiko hayo yanasikika katika kila eneo la wakimbizi, nayo ni ya kweli.

Intaneti ya kazi nayo si ya bure. Shirika dogo linanunua mega kwa mwezi, na mega zina mwisho. Mtu akipakua filamu na mechi za mpira, tarehe 20 mtandao umekwisha na orodha ya familia za kupewa msaada haiwezi kutumwa. Mega hizo zilinunuliwa kwa jina la watu waliohama. Kuzimaliza kwa mchezo ni sawa na kupunguza unga kwenye gunia kabla ya kugawa, hata kama hakuna anayeona unga ukimwagika.

Kuna pia dhuluma kati ya wafanyakazi wenyewe. Wawili wanalipwa sawa. Mmoja anapokea wagonjwa 40, mwingine anapokea 15 kwa sababu kila mara "anajibu ujumbe". Yule wa 40 anachoka mara mbili: kwa kazi yake na kwa kazi ya mwenzake. Akisema, anaitwa mwenye wivu. Akinyamaza, mwezi wa sita ni yeye anayeugua. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini katika biro nyingi kidole kimoja kinavunja chawa wote, vingine vinashika simu.

Na ubaya mkubwa zaidi ni kanuni inayochagua watu. Mama wa usafi, sentineli na dereva wanakatazwa simu kabisa. Mkubwa anatembea na simu mbili, anajibu katikati ya mkutano, anaangalia mpira saa za kazi. Mpwa wa mkubwa naye haandikiwi barua. Wafanyakazi hawahitaji kusoma vitabu vya sheria ili kujua kwamba kanuni ya namna hiyo haikuwekwa kwa ajili ya kazi. Iliwekwa ili wadogo wajue udogo wao. Baada ya hapo hakuna anayeiheshimu, kila mtu anajifunza kujificha.

Sheria inasema nini

Kongo haikosi sheria. Sheria ya Kazi ya tarehe 16 mwezi wa 10 mwaka 2002, iliyorekebishwa mwaka 2016, inaweka mpaka wa saa 45 kwa juma na saa 9 kwa siku. Saa za ziada zina bei yake: saa 6 za kwanza zinaongezewa asilimia 30, zinazofuata asilimia 60, na zile za siku ya mapumziko au sikukuu asilimia 100. Kwa mtu mzima aliyemaliza mwaka kazini, likizo ni angalau siku moja ya kazi kwa kila mwezi aliotumika. Mama anayenyonyesha ana haki ya mapumziko mawili ya nusu saa kila siku.

Kifungu cha 40 kinawahusu hasa watu waliohama, kwa sababu wengi wao wanatumika kama jurnalie, wakiitwa leo na kuachwa kesho. Kinasema kwamba anayeajiriwa siku kwa siku, akishatumika siku 22 katika muda wa miezi 2, akiitwa tena kabla ya miezi hiyo kwisha, anahesabiwa kuwa na mkataba usio na mwisho. Kuna watu wanaobeba magunia, wanaochimba mitaro, wanaopika kwenye miradi, waliopita siku hizo 22 mara nyingi na hawajui. Aliyejiandikia siku zake kwenye daftari ana la kusema. Asiyeandika atasikia "wewe ulikuja juzi tu". Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na saa za kazi nazo ni mali.

Juu ya kufukuzwa, kifungu cha 62 kinataka sababu ya kweli: uwezo wa mtu, mwenendo wake kazini, au mahitaji ya kazi yenyewe. Mkubwa anaweza kusema kwamba matumizi mabaya ya simu ni mwenendo mbaya, na mara nyingine atakuwa na haki. Lakini aonyeshe kanuni ilikuwa ipi, ilijulikana na nani, na kama ilitumika kwa wote.

Juu ya siri ya mtu, Katiba ya mwaka 2006 katika kifungu cha 31 inalinda maisha binafsi na siri ya mawasiliano. Kwa hiyo kumnyang'anya mfanyakazi simu yake na kuanza kusoma ujumbe wake mbele ya wenzake, jambo ambalo wengine wanaliona la kawaida, si nidhamu ya kazi. Ni kuingia katika nyumba ya mtu bila kubisha hodi.

Ulaya imepita katika mjadala huo. Nchini Romania, mwaka 2007, mfanyakazi mmoja aitwaye Bărbulescu alifukuzwa baada ya mwajiri wake kusoma ujumbe aliomtumia mchumba wake na ndugu yake kupitia akaunti ya kazi. Kanuni ya kampuni ilikuwa imekataza matumizi binafsi. Kesi ilipanda mpaka Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu, na tarehe 5 mwezi wa 9 mwaka 2017 majaji 11 kati ya 17 walisema haki yake haikulindwa vya kutosha. Hawakusema mwajiri hana ruhusa ya kufuatilia kazi. Waliuliza maswali mepesi: mfanyakazi alijulishwa mapema kwamba ujumbe wake unaweza kusomwa? Kulikuwa na sababu ya kutosha? Hakukuwa na njia nyingine isiyoumiza? Hukumu hiyo haina nguvu Kongo, lakini maswali hayo mkubwa yeyote wa Bukavu anaweza kujiuliza bila kulipa wakili.

Ufaransa ilikwenda upande wa pili wa mizani. Tangu tarehe 1 mwezi wa 1 mwaka 2017, kampuni za huko zenye wafanyakazi 50 au zaidi zinatakiwa kuzungumza nao juu ya haki ya kutojibu kazi baada ya saa za kazi. Ubelgiji nayo iliweka sheria ya namna hiyo mwaka 2022. Na zamani sana kabla ya simu hizi, mwaka 1930, Mkataba namba 30 wa Shirika la Kazi Duniani ulieleza saa ya kazi kuwa ule muda ambao mtu yuko chini ya amri ya mwajiri. Kwa maana hiyo, aliyekaa macho saa nne usiku akingoja vokali ya mkubwa, kwa kuogopa asipojibu ataulizwa, hajapumzika.

Jibu la wakubwa

Wakubwa wana jibu lao, na linafaa kusikilizwa. Wanasema pesa zimepungua, wafadhili wameondoka, anayetoa msaada anataka ripoti usiku huohuo kwa sababu kwao Marekani bado ni mchana. Wanasema wakilegeza kanuni ya simu, hakuna atakayetumika. Na mwisho wanasema lile neno ambalo kila mfanyakazi wa Kivu amelisikia: kama hutaki, acha, wako wengi mlangoni wanaotafuta kazi.

La kwanza ni kweli. Pesa zimepungua, na mkurugenzi wa shirika dogo naye halali. Naye ana jamaa sebuleni. Hata hivyo mambo mengi yanayohitajika hapa hayaombi pesa. Kupanga ujumbe wa usiku usubiri asubuhi ni bure. Kumwambia mfadhili kwamba ripoti itatoka saa mbili asubuhi ni bure, na wafadhili wengi wanakubali wakielezwa mapema. Kubandika kanuni moja kwa wote, na mkubwa kuwa wa kwanza kuifuata, hakuna gharama.

La pili linakanushwa na kazi zenyewe. Mwendesha pikipiki anatumika na simu mfukoni siku nzima, mama wa kibanda anauza huku anaongea, na kazi inaenda kwa sababu kila mmoja anajua mwisho wa siku atahesabu kitu gani. Palipo na lengo la siku linaloeleweka, mtu hupimwa kwa alichokifanya. Pasipo na lengo, mkubwa anabaki kuhesabu mara ngapi mtu ameinamisha kichwa.

La tatu ni neno la vita, na linatumia shida ya wakimbizi kama fimbo. Ndiyo, wako wengi mlangoni. Wengi wao ni wale wale waliopoteza mashamba. Lakini muuguzi aliyejua wagonjwa wake, karani aliyejua majina ya vijiji na nani ni mtoto wa nani, akiondoka anaondoka na ujuzi huo. Mgeni atahitaji miezi kujifunza, na katika miezi hiyo majina yatakosewa, na familia itarudishwa nyumbani bila unga.

Kitu gani kinaweza kuanza kesho

Kila mahali pa kazi, hata penye watu 6, panaweza kukaa chini saa moja na kuandika mapatano kwenye ukurasa mmoja. Yasemwe kwa Kiswahili ambacho mama wa usafi anaelewa, yasomwe kwa sauti, yatiwe sahihi na wote pamoja na mkubwa.

Mbele ya mgonjwa, mteja au mtu aliye kwenye foleni, simu haishikwi. Hapo pasiwe na msamaha kwa cheo chochote. Anayepata simu ya jamaa aliye kwenye hatari anamwonyesha mwenzake ishara, mwenzake anachukua nafasi yake dakika 10, naye anatoka nje kuongea. Akirudi anaendelea. Kesho atamshikia mwenzake. Mahali penye mtu mmoja tu, awaambie waliopanga foleni wazi: "Mama, nisameheni, ni simu ya nyumbani, narudi sasa hivi." Watu waliokimbia vita wanaielewa simu ya namna hiyo kuliko mtu mwingine yeyote. Wanachokichukia ni kudharauliwa.

Intaneti ya kazi ibaki ya kazi. Filamu na mpira vitafutiwe mega nyingine. Kama mega zinabaki mwisho wa mwezi, wakubaliane wazitumie namna gani.

Baada ya saa ya kutoka, ujumbe wa kazi usitumwe isipokuwa kwa jambo la hatari: usalama wa njia, mlipuko wa ugonjwa, mgonjwa wa haraka. Jambo la ripoti lisubiri. Anayeitwa usiku saa zake ziandikwe, na kama pesa za kumlipa hazipo, apewe siku ya kupumzika mahali pake. Mfanyakazi anayetumia mega zake kwa kazi arudishiwe.

Na mara moja kwa mwezi, mkubwa aulize kila mmoja anabeba kazi ngapi. Aulize faraghani, siyo mbele ya wote. Anayebeba kazi za watu watatu aambiwe ipi iachwe. Hakuna siri ya kitabibu katika jambo hilo: mzigo ukizidi, unapunguzwa.

Wafanyakazi nao waandike siku na saa zao kwenye daftari, tangu leo, kila mmoja. Mgogoro ukitokea, na mahali ambapo biro ya Ukaguzi wa Kazi inafanya kazi, waanzie hapo, kwa sababu sheria inataka mkaguzi ajaribu kwanza kupatanisha kabla ya kesi ya mtu mmoja kwenda mahakamani. Palipo na sendika, wapeleke jambo la saa za usiku pamoja na jambo la mishahara, maana ni jambo moja.

Familia zilizohama makao nazo zina sehemu yao. Zinapoulizwa na kamati za wakimbizi au na mashirika juu ya huduma, ziseme karani aliwafanyia nini, na ziseme pia walimkuta peke yake akiwa na watu 200. Malalamiko yanayotaja simu peke yake yatamfukuzisha karani. Malalamiko yanayotaja simu na upungufu wa watu yanaweza kuleta karani wa pili, na hapo foleni itasogea.